Si Baridi Inayoua Maua

Mwezi wa Mei, katika vitongoji vya Minneapolis wanakoishi Wakenya wengi, lalamiko huwa lilelile: maua niliyopanda mwaka jana yaliandikwa kuwa ni ya kudumu, mbona hayakuamka? Lawama zote hubebeshwa baridi. Ni kweli kwamba Januari ya Minnesota haina mzaha, na nyuzi 30 chini ya sifuri si jambo la kumshangaza mwenyeji. Lakini mmea uliochaguliwa vizuri haufi kwa baridi hiyo. Kinachouua ni baridi isiyotulia, na zaidi ya hapo, maji.

Siku zinapoanza kufupika, mmea hujiandaa wenyewe. Huteremsha chakula mizizini na kulimbikiza sukari ndani ya seli ili maji yaliyomo yasigande upesi. Maji mengine huyaachia yatoke, yakagandie nje ya seli, mahali ambapo barafu haitachana kitu. Kazi hii huchukua wiki nyingi. Ndiyo maana mbolea ya naitrojeni haifai kuwekwa baada ya katikati ya Agosti. Ukiiweka, mmea utatoa machipukizi laini wakati unapaswa kujifunga, na hayo ndiyo yatakayoungua jalidi ya kwanza ikishuka.

Majira ya baridi yenyewe hayana hatari kubwa kama theluji ipo. Theluji ni blanketi. Chini yake udongo hubaki na joto lililo juu sana kuliko la hewa. Balaa huja Machi, theluji ikishapungua. Mchana jua huyeyusha udongo wa juu, usiku unaganda upya. Barafu hujengeka humo tabaka kwa tabaka na kuusukuma udongo juu, na mmea uliopandwa karibuni hunyanyuliwa nao mpaka mizizi ikabaki wazi kwenye upepo.

Kwa hiyo matandazo hayawekwi ili kuupasha mmea joto. Yanawekwa ili udongo ukishaganda ubaki umeganda. Ukitandaza Oktoba, udongo ungali na joto, utakuwa umewajengea panya nyumba na kuuchelewesha mmea kulala. Subiri mpaka ardhi iwe ngumu, mara nyingi mwishoni mwa Novemba, kisha weka majani makavu au nyasi kavu kiasi cha sentimita 10 hadi 15. Majani ya mepo yakatekate kwanza, kwa sababu yakiwa mazima hushikamana yakawa kama turubai na kuozesha kilicho chini. Ya mwaloni hayana tabia hiyo.

Ramani ya kanda za baridi ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyorekebishwa mwaka 2023, ina kanda 13, na namba ikiwa ndogo baridi ni kali zaidi. Minneapolis na viunga vyake viko kanda ya 4 na ya 5. Ramani hii inafaa dukani, lakini inapima jambo moja tu, yaani wastani wa joto la chini kabisa la kila mwaka. Haikuambii kwamba udongo wako ni wa mfinyanzi unaotuamisha maji, na mlavenda uliopandwa kwenye udongo kama huo huoza hata lebo ikiusifu vipi. Tuta lililoinuliwa litausaidia kuliko blanketi la aina yoyote. Mmea wa kwenye chungu nao una hesabu yake, kwa kuwa mizizi imezungukwa na hewa baridi pande zote. Chagua unaostahimili kanda mbili zenye baridi kali kuliko yako.

Ningelazimishwa kuchagua ua moja, ningechukua peoni. Huishi miaka 50 na zaidi palepale, na baridi kwake ni hitaji: bila wiki kadhaa za ubaridi haichanui, ndiyo maana Mombasa ungeitunza bure. Ipande Septemba. Macho yake mekundu yafukiwe sentimita 3 hadi 5 tu, maana ukizidisha kina utapata majani mazuri kila mwaka bila ua hata moja. Sisimizi wanaotambaa kwenye vitumba wamefuata utamu tu, usiwapulizie dawa. Majani ya peoni yakate na kuyaondoa vuli, kwani hubeba ukungu. Mashina ya ekinasia yaache yasimame. Huzuia theluji isipeperushwe, na ndege hula mbegu zake.

Kabla hujaung'oa mmea unaoudhania umekufa, ukwaruze shina chini kabisa au ufukue kidogo uiguse mizizi. Mizizi migumu na myeupe ndani ni hai. Haibiskusi ya kinamasi, kwa mfano, huchelewa kuliko jirani zake wote, na mara nyingine haitoi hata ncha hadi Juni. Ichomekee kijiti vuli, usije ukaipiga jembe.