Bibi, degedege na jogoo anayejidai kuleta asubuhi

Leo tuyaweke pembeni mambo ya nani kamwacha nani. Nataka tupige stori za falsafa. Wee, usikimbilie ukurasa wa michezo, nisikilize kwanza!

Najua ukisikia falsafa unamwona profesa mwenye mvi, miwani imemshuka hadi puani, anaongea vitu ambavyo hata mkewe haelewi. Mimi nimeishia kidato cha nne, na falsafa sikufundishwa na mtu. Nilikutana nayo saa nane za usiku, chumba cha kupanga Mbagala, mtoto wa dada yangu akiwa amekakamaa mikononi mwangu.

Mtoto ana miaka mitatu. Jioni mwili ulimchemka, tukadhani ni jua. Usiku macho yakageuka juu, mikono ikaanza kurukaruka. Dada anapiga yowe, majirani wanagonga mlango. Bibi yetu, aliyekuja kutoka Rufiji kututembelea, akakata shauri: "Hilo degedege. Hilo ni shetani, si ugonjwa wa hospitali. Akichomwa sindano tu, mmempoteza. Mpelekeni kwa yule mzee akafukizwe."

Jazba ikanipanda. "Bibi, huo ni ushamba!"

Bibi akanitazama. "Mume wangu," ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo, "mimi nimezika watoto wawili waliochomwa sindano. Mmoja ni mdogo wake mama yako. Wewe umezika wangapi?"

Nikanywea. Hebu niambie, msomaji, ungemjibu nini?

Bibi hakuwa mjinga. Aliona kwa macho yake: sindano, halafu msiba. Mara mbili. Tatizo ni kwamba macho yanaona kinachotangulia na kinachofuata, hayaoni kilichosababisha. Mskoti mmoja, David Hume (1711–1776), alijipatia jina kwa kulisema hilo. Tukizoea kuona kitu hiki kinafuatwa na kile, akili inavifunga kamba yenyewe, tunasema hiki ndicho kimeleta kile. Lakini wahenga wetu hawakumsubiri Hume. Walishasema: jogoo awike asiwike, kutakucha. Jogoo anatangulia asubuhi kila siku, ila hajawahi kuileta hata moja!

Usimcheke Bibi, maana sisi wa mjini ndio tumezidi. Ulivaa jezi fulani mkeka ukatiki, sasa jezi haifuliwi. Ulimwota mpenzi wako, asubuhi akapiga simu, ukatangaza kijiweni kwamba damu zenu zinaongea. Je, zile siku ulizomwota na hakupiga, ulizihesabu?

Hata Wazungu yaliwakuta. Jina malaria limetoka Uitaliano, maana yake hewa mbaya. Karne na karne waliamini homa inaletwa na harufu ya vinamasi. Aliyekaa mbali na kinamasi kweli aliugua kidogo, basi imani ikazidi kunoga. Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, akiwa Algeria, akaviona vijidudu kwenye damu ya mgonjwa. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, akavikuta tumboni mwa mbu. Kumbe kinamasi kilikuwa nyumba tu, mwenye nyumba ni mwingine!

Turudi Mbagala. Kelele zangu hazikusaidia kitu. Kilichosaidia ni swali. Nilishusha pumzi nikauliza kwa adabu: "Bibi, wale watoto walifikishwa hospitali baada ya siku ngapi?"

Akafikiri. "Mdogo wake mama yako, siku ya tatu. Tulianza kwa mganga. Yule mwingine..." Hakumaliza. Akakaa kimya, nami nikajuta kidogo, maana niliona anakihesabu upya kidonda cha miaka mingi.

"Huyu ameanza usiku huu huu, Bibi."

Akajifunga kanga yake. "Haya, twende. Lakini njiani nasoma dua, na usinizuie."

Nani amzuie? Kwenye bajaji alimpakata mtoto, anasoma, dada analia, mimi nahesabu nauli. Hospitali wakamtoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria, sindano ikapigwa. Siku ya pili asubuhi mtoto akaomba chai na chapati. Bibi akasema, "Dua imejibiwa." Mimi nikasema, "Sindano imefanya kazi."

Hapo ndipo falsafa iliponibana na mimi. Nilikuwa nimeona nini? Sindano, halafu mtoto kupona. Mtoto mmoja! Si ndiyo jogoo yule yule, safari hii anawika upande wangu?

Jibu ni kuhesabu wengi, waliopona na waliokufa, bila kuficha hata mmoja. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 ulifuatilia watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Wakagawanywa kwa bahati nasibu: nusu sindano za kwinini, nusu sindano za dawa mpya, atesuneti. Upande wa kwinini walikufa 297, upande wa dawa mpya 230. Ndiyo maana siku hizi atesuneti ndiyo inayotangulia. Mtu mmoja kijiweni hawezi kuona tofauti hiyo kwa macho, hata awe mjanja vipi.

Sasa imani tuitupe? Hapana, bwana. Ibn Rushd wa Cordoba (1126–1198) alikuwa kadhi, tabibu na mwanafalsafa, vyote kwa pamoja, na alitetea kwamba akili na dini havina ugomvi. Kwa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo II alitoa waraka mzima mwaka 1998 kuhusu imani na akili kutegemeana. Dua ya Bibi haikumzuia mtoto kupanda bajaji. Ilimtuliza dada, ikanituliza na mimi. Imani ya kuogopa ni ile inayokwambia usiulize, usipime, usihesabu.

Kwa hiyo mtoto akipata degedege, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, mkimbize hospitali. Dua someni njiani.

Bibi ameshajirudia zake Rufiji. Siku ya kuaga alinivuta pembeni, akauliza taratibu: "Mume wangu, yule mtoto wangu, tungemuwahisha, angekuwa hai?"

Sikujua niseme nini. Nikamwambia, "Mlifanya mlichokijua, Bibi." Akaitikia kwa kichwa, akapanda basi.

Haya, swali la wiki hii: wewe unaamini nini kwa sababu tu jogoo aliwika? Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.