Vitabu Vinavyopaswa Kuondoka Maktabani

Mkutubi akionekana anatoa vitabu rafuni na kuvifunga kwenye maboksi, watu huona mali ya umma inaharibiwa. Mimi naona kinyume chake: maktaba ya umma isiyoondoa vitabu imekwisha kuacha kuwahudumia wasomaji wake. Chukua atlasi ambayo bado ina nchi ya Zaire, jina lililokoma mwaka 1997, na Sudan kabla haijagawanyika mwaka 2011. Imesimama bega kwa bega na atlasi mpya, ina muhuri uleule wa maktaba, na mwanafunzi wa darasa la sita hana sababu ya kuitilia shaka. Kitabu cha afya ndicho hatari zaidi. Mwongozo wa UKIMWI wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliandikwa kabla ya tiba ya mchanganyiko wa dawa kuenea, kwa hiyo leo unamkatisha tamaa mgonjwa ambaye angeishi miaka mingi.

Ndiyo maana wakutubi wa Texas walitunga, katika miaka ya 1970, utaratibu ambao maktaba nyingi huufuata mpaka leo. Kila somo lina kipimo chake. Kitabu cha tiba huchunguzwa kikifikisha miaka mitano tangu kichapishwe, au kikikaa miaka mitatu bila kuazimwa. Riwaya haina ukomo wa umri, huangaliwa zaidi kama bado inasomwa. Kisha huja maswali mengine: je, kinapotosha, kimechakaa, kimepitwa na toleo jipya, kinapatikana kwingine kwa urahisi? Tarehe pekee haihukumu, na karatasi ya mihuri ya kuazima iliyobandikwa ndani ya jalada ni ushahidi mmoja tu, kwani kuna vitabu vinavyosomwa mezani bila kuazimwa. Kununua nako ni kukisia: utafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh uliochapishwa mwaka 1979 ulikuta kwamba takriban asilimia 40 ya vitabu vilivyonunuliwa mwaka 1969 havikuwa vimeazimwa hata mara moja kwa miaka sita. Na hicho ni chuo, ambako walimu huagiza vitabu wanavyovihitaji.

Watapinga wengi: sisi tuna uhaba wa vitabu, tutupeje hata vichache tulivyo navyo? Hoja ni nzito, ila rafu iliyojaa vitabu vikuukuu huuficha uhaba huohuo. Ofisa wa bajeti akipita akaona rafu zimefurika, atasema hakuna haja ya kununua vingine, na msomaji aliyekosa anachokitafuta mara tatu harudi tena. Pingamizi la pili, la kupotea kwa historia, nalikubali kwa sehemu. Mwaka 1996 mwandishi Nicholson Baker aliishutumu vikali maktaba ya umma ya San Francisco kwa kutupa vitabu vingi ilipohamia jengo jipya, na lawama yake ilikuwa na msingi. Lakini kosa ni kuondoa bila kuuliza kama nakala hiyo ndiyo ya mwisho. Nakala za kuhifadhiwa ni kazi ya maktaba ya taifa, ambako wachapishaji hulazimika kisheria kuwasilisha vitabu vyao; maktaba ya wilaya haina jukumu hilo, isipokuwa kwa maandishi ya eneo lake, ambayo hayafai kuguswa hata kama hayajaazimwa miaka ishirini. Sera iandikwe hivyo, na iwabane wafadhili pia: boksi la vitabu vya mtaala wa nchi nyingine likataliwe mlangoni, hata kama limeletwa na gari la ubalozi.