Sifuri Zinazopotea: Namba na Maandishi Ndani ya Kompyuta

Tuchukulie kwamba mgonjwa mwenye faili namba 00713 amefika kliniki. Jedwali la kompyuta linaonesha 713 pekee. Karani anatafuta 00713, hapati kitu, anafungua faili jipya. Taarifa kwamba mgonjwa huyu ana mzio wa penisilini inabaki katika faili la zamani. Zile sifuri mbili zimekwenda wapi?

Kompyuta haijui herufi wala tarakimu. Ndani yake mna swichi ndogo mno za umeme zenye hali mbili tu, ambazo sisi huziandika 0 na 1. Kila nafasi moja huitwa biti. Biti 8 huunda baiti, yenye uwezo wa kubeba michanganyiko 256.

Kiasi huhifadhiwa kwa kujumlisha thamani za nafasi. Kutoka kulia, thamani hizo ni 1, 2, 4, 8 na kuendelea, kila moja ikiwa maradufu ya iliyotangulia. Hivyo 7, yaani 4+2+1, huandikwa 00000111.

Maandishi hufuata njia nyingine. Kila alama hupewa namba katika jedwali la msimbo, kama vile ASCII iliyochapishwa Marekani mwaka 1963. Humo herufi A ni 65, na alama ya 7 ni 55, yaani 00110111. Kwa hiyo 7 ya kuhesabia na 7 ya kuandikia ni vitu viwili tofauti.

Namba ya faili ikihifadhiwa kama kiasi, sifuri za mwanzo hazina thamani, hivyo hazibaki. Ikihifadhiwa kama maandishi, alama zote tano hudumu: 48, 48, 55, 49, 51.

Wataalamu nao wamekumbwa na mkanganyiko wa aina hii. Kufikia mwaka 2020 majina ya jeni kama SEPT1 na MARCH1 yalikuwa yamebadilishwa, kwa kuwa programu za majedwali ziliyageuza kuwa tarehe.

Mhudumu wa afya, kanuni ni nyepesi: kinachokokotolewa, kama uzito au joto la mwili, kiwe namba; kinachotambulisha, kama namba ya faili, simu au bima, kiwe maandishi. Nawe mgonjwa, taja namba yako pamoja na sifuri zake, na utaje mzio wako kila unapotibiwa, hata kama unaamini kompyuta inaukumbuka.