Paka safarini: haja yake itunzwe vipi katika gari, meli na ndege?

Safari ya gari kutoka Melbourne hadi Sydney ni ya kilomita karibu 880, mwendo wa saa 9 au zaidi ukihesabiwa muda wa mapumziko. Watu wazima hushuka kwenye vituo vya mafuta, na watoto huomba gari lisimamishwe pale wanapobanwa. Paka aliyemo ndani ya kizimba chake, kwenye kiti cha nyuma, haombi chochote. Hulia tangu mlangoni hadi mwisho wa safari, au hunyamaza kimya, na mara nyingi hufika bila kutoa hata tone la mkojo. Kwa mwenye paka, hapo ndipo wasiwasi unapoanza: je, mnyama anavumilia tu, au ana tatizo?

Kwa familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nchini Australia swali hili ni geni. Lamu, Mombasa au Unguja, paka hutoka mwenyewe uani, akafukua mchanga, akamaliza shida yake, akafukia, na habari ikaishia hapo. Hakuna aliyenunua mchanga dukani, wala aliyemsafirisha paka kutoka mji mmoja hadi mwingine. Katika maisha ya fleti, hata hivyo, paka hufungiwa ndani, hufanya haja katika sinia lililojazwa chembechembe maalumu, na familia inapohama kufuata kazi au masomo, naye huhama pamoja nayo.

Jibu la swali hilo huanzia kwenye asili yake. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, mnyama wa nchi kame ambaye hadi leo anapatikana katika mbuga za Afrika Mashariki. Amerithi figo zenye uwezo mkubwa wa kubakiza maji mwilini na kutoa mkojo mchache, mzito. Paka mzima mwenye afya hukojoa mara 2 hadi 4 kwa siku, na haja kubwa huenda mara moja hivi. Kukaa saa 12 bila kukojoa si jambo la kumdhuru. Kwa hiyo paka ambaye hakufanya lolote baina ya Melbourne na Albury hajaugua. Amekosa tu mahali panapomridhisha. Mahali hapo huwa na utulivu, chembe za kufukua, na harufu anayoijua kuwa ni yake. Gari linalokwenda halina hata kimoja kati ya hivyo.

Matayarisho huanza nyumbani

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kukitoa kizimba stoo asubuhi ya safari. Paka aliyezoea kukiona kizimba siku anapopelekwa kwa daktari tu hukiogopa, na paka mwenye hofu hufanya moja kati ya mambo mawili: hujizuia kupita kiasi, au hujichafua dakika chache baada ya gari kuondoka. Ni afadhali kizimba kikae sebuleni, mlango wazi, kwa wiki mbili au zaidi, kikiwa na taulo analolilalia. Siku ya safari apewe chakula kidogo saa 4 hadi 6 kabla ya kuondoka, maji asinyimwe, na aachwe peke yake na sinia lake wakati watu wanafunga mizigo katika chumba kingine.

La pili ni mchanga wenyewe. Kabla ya mwaka 1947 Wamarekani wengi waliwawekea paka wao mchanga wa kawaida au majivu. Mwaka huo Edward Lowe wa jimbo la Michigan alimpa jirani yake chembe za udongo wa mfinyanzi unaofyonza maji, na biashara kubwa ikazaliwa. Leo madukani kuna udongo unaoganda, vidonge vya mbao, karatasi iliyosagwa na aina nyinginezo, lakini paka hana haja ya uteuzi huo wote. Hushikilia aina aliyoizoea. Safari si wakati wa kujaribu mchanga mpya kwa sababu ni mwepesi kubeba au bei yake imeshushwa. Kinachofaa ni kuchukua mchanga uleule, na kuchanganya humo konzi moja ya mchanga aliokwisha kuukojolea, uliofungwa vizuri katika mfuko wa plastiki. Jambo hilo huwakirihi watu wengi. Hata hivyo, harufu hiyo ndiyo inayomwambia paka kwamba hapa ni pake, kuliko maneno yoyote ya kumbembeleza.

Sinia la safari halihitaji kuwa la gharama. Trei ya alumini ya kuokea nyama, ile inayotumika mara moja na kutupwa, hutosha kabisa. Sakafu ya kizimba itandikwe nepi kubwa za kufyonza, tatu au nne moja juu ya nyingine. Ya juu ikilowa huvutwa, na ya chini yake ikawa tayari, bila ya kumtoa paka.

Barabarani

Kila baada ya saa 4 au 5 gari lisimamishwe mahali pa kivuli, penye utulivu, si kando ya malori yanayonguruma. Madirisha yapandishwe na milango ifungwe kabla ya kizimba kufunguliwa. Trei iwekwe sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, kisha watu watulie, wasimkodolee macho. Dakika 15 au 20 zinatosha. Paka wengi watanusa tu na kurudi kizimbani, wasilazimishwe. Kumshika na kumtia kwenye mchanga kwa nguvu humfundisha kwamba mchanga ni adhabu. Wakati huo mtu mmoja abaki ndani ya gari, na siku ya joto kiyoyozi kisizimwe, maana gari lililofungwa juani hugeuka tanuri kwa muda mfupi sana.

Kumshusha paka nje ili ajisaidie kwenye nyasi ni hatari, hata akiwa amefungwa mkanda wa kifuani. Honi moja hutosha kumfanya achomoke na kutokomea vichakani, na hajui njia ya kurudi mahali asipopajua. Tena si hatari kwake peke yake. Kinyesi cha paka huweza kubeba vijidudu vya Toksoplasma, ambavyo mayai yake hudumu miezi mingi katika udongo wenye unyevu. Wanyama asilia wa Australia, kama vile walabi, hudhurika vibaya na ugonjwa huo, kwani nchi yao haikuwa na paka kabla ya kuja kwa Wazungu. Mbuga za taifa kwa kawaida haziruhusu paka kuingia, hata wale walio ndani ya magari. Uchafu wote ufungwe mfukoni na kutupwa pipani.

Vijidudu hivyohivyo ndivyo vinavyofanya wajawazito washauriwe kutoshika sinia la paka ikiwa yupo mtu mwingine wa kuifanya kazi hiyo. Mayai ya Toksoplasma huhitaji siku 1 hadi 5 baada ya kutoka kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo uchafu unaoondolewa kila siku hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Safarini, ambako mikono hainawi kila wakati na chakula huliwa garini, jambo hili lipewe uzito zaidi.

Ajali zikitokea, kiti kipanguswe kwa maji na kisafishaji chenye vimeng'enya, aina inayouzwa kwenye maduka ya wanyama. Dawa yenye klorini isitumike. Mkojo una amonia, na vitu hivyo viwili vikikutana hutoa hewa yenye sumu, jambo baya zaidi ndani ya gari. Kwa wasafiri Waislamu liko suala la ziada: paka mwenyewe ni tohara, na akigusa nguo au akinywa chomboni hapana tatizo, lakini mkojo na kinyesi chake ni najisi. Familia nyingi kwa hiyo huweka nguo na mswala wa safari katika begi lililo mbali na kizimba, utaratibu unaowafaa hata wasiosali.

Melini na angani

Barabara angalau ina mahali pa kusimama. Meli ya Spirit of Tasmania, inayovuka mlango wa bahari wa Bass kutoka Geelong hadi Devonport kwa saa 9 hadi 11, haina. Kwa kawaida wanyama hubaki katika magari au katika vizimba vya meli kwenye sitaha ya magari, na wenye nao hawaruhusiwi kushuka huko meli ikiwa njiani. Ukiongezwa muda wa kupanga foleni na kupakia, paka hukaa peke yake zaidi ya nusu ya siku. Hapa faida ni kuwa na kizimba kikubwa, kile cha mbwa wa wastani, ambamo trei ndogo hukaa upande mmoja na kitanda upande mwingine. Trei ijazwe mchanga kidogo tu, kwa sababu bahari hiyo ina sifa ya mawimbi.

Kwenda nchi jirani ya New Zealand hakuna njia ila ya ndege. Paka anayetoka Australia hakai karantini afikapo huko, na anayekuja Australia kutoka New Zealand vilevile, mradi vyeti vya daktari wa wanyama na chipu ya utambulisho viwe sawa. Hali ni tofauti kwa paka wanaoletwa kutoka nchi nyingine za nje: hao hupelekwa kituo cha Mickleham, karibu na Melbourne, kwa muda usiopungua siku 10.

Ndege yenyewe huvuka kwa saa 3 hadi 4, lakini mzigo hupokelewa mapema, na ukaguzi baada ya kutua nao huchukua muda wake. Kanuni za kimataifa za kusafirisha wanyama hai hudai kreti ambamo paka anaweza kusimama, kugeuka na kulala, yenye chombo cha maji kinachojazwa kutoka nje na sakafu ya kitu kinachofyonza. Trei ya mchanga haifai humo, kwani mchanga humwagika na kuingia machoni na majini. Nepi hutosha. Nyasi kavu na majani yasitandikwe, kwa sababu maofisa wa usalama wa mimea na mifugo huyakataa. Dawa za usingizi nazo haziungwi mkono kwa safari za angani, kwa kuwa huweza kushusha pumzi na mapigo ya moyo mahali asipo mtu wa kumtazama. Safarini kwa gari daktari anaweza kuandika dawa ya kutuliza hofu. Vidonge vya binadamu visiguswe kabisa: paracetamol, hata kidonge kimoja, huweza kumuua paka.

Baada ya kufika

Mzigo wa kwanza kufunguliwa uwe sinia. Liwekwe katika chumba kidogo, bafuni kwa mfano, pamoja na maji na taulo la kizimbani, na mlango ufungwe. Paka wengi hungoja hadi usiku, nyumba inapotulia. Kesho yake mchanga utakuwa na bonge moja kubwa, na shughuli imekwisha.

Lisipoonekana, hesabu ianzie kwenye mara ya mwisho alipojulikana kukojoa, si saa ya kufika. Saa 24 zikipita bila mkojo, aonwe na daktari. Kwa paka dume muda wenyewe ni mfupi zaidi akiwa na dalili, maana njia yake ya mkojo ni nyembamba, na msongo wa safari huweza kuamsha uvimbe wa kibofu unaoiziba. Dume wa namna hiyo huingia na kutoka katika sinia, huchuchumaa bila kutoa kitu, hujilamba sana sehemu za siri, hulia, na pengine hutoa matone yenye damu. Wengi hudhani amefunga choo, wakasubiri. Sumu hujaa katika damu, potasiamu hupanda, na moyo huweza kusimama ndani ya siku 2 au 3. Akionekana hivyo, apelekwe usiku uleule. Miji mikubwa ina kliniki za dharura za wanyama zinazofanya kazi usiku kucha, lakini katika miji midogo iliyo kando ya barabara kuu ni adimu, kwa hiyo namba za simu za zile zilizoko njiani ziandikwe kabla ya gari kuwashwa.