Mzazi Hanyonyeshi Peke Yake

Hapana lalamiko ambalo mkunga wa Kigali hulisikia mara nyingi kuliko hili, kwamba maziwa hayatoshi. Na aghalabu halianzi kinywani mwa mzazi mwenyewe, ambaye siku hizo huwa amelala ubavu kwa uchovu, bali huanza kwa waliomzunguka: mama mkwe, wifi, jirani, au mume ambaye usiku kucha amesikia mtoto akilia asijue la kufanya. Katika nyumba za Biryogo, upande wa Nyamirambo, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani tangu zama za wakoloni, wafanyabiashara Waislamu walipofanya makao yao hapo, nimelisikia likisemwa kwa upole wote: "Mwanangu, mtoto ana njaa huyu, hebu mpe japo maji ya sukari kidogo." Bibi asemaye hivyo hana nia mbaya, kwani anampenda mjukuu wake na anamhurumia mkwewe; lakini neno hilo, likisemwa siku ya pili au ya tatu baada ya uzazi, mara nyingi ndilo linalofungua mlango wa kopo la maziwa ya unga katika nyumba ambayo haikulihitaji na ambayo pengine haina uwezo wa kulinunua mara ya pili.

Ili tuone kwa nini neno dogo namna hiyo lina nguvu kubwa, yatupasa kufahamu jinsi maziwa yanavyopatikana. Mtoto azaliwapo na kondo la nyuma likatoka, homoni ya projesteroni iliyokuwa ikiyazuia maziwa hushuka ghafla katika damu ya mama, na tangu hapo hupita siku mbili, tatu, pengine nne, ndipo matiti yakajaa. Kabla ya hapo hutoka dang'a, yaani yale maziwa mazito ya rangi ya manjano ambayo Wanyarwanda huyaita umuhondo, machache sana kwa kipimo, hata siku ya kwanza yakikusanywa yote hayajazi ila vijiko vichache; lakini yamejaa kinga dhidi ya maradhi, na tumbo la mtoto wa siku moja halitaki zaidi ya hayo. Mtoto mwenye siha njema hupungua uzito kidogo katika siku hizo, kisha akaurudisha kabla wiki mbili hazijatimia. Basi yule aliyemtazama mtoto siku ya pili akasema kwamba maziwa hayapo, ametazama kabla ya wakati.

Baada ya siku hizo za mwanzo kazi hufuata kanuni nyingine, nayo ni hii: titi hutengeneza kwa kadiri linavyonyonywa. Kila mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa prolaktini, ambayo hutengeneza maziwa na ambayo huwa nyingi zaidi saa za usiku, na oksitosini, ambayo huyasukuma yatoke. Maziwa yanayobaki ndani huliamuru titi lipunguze kazi. Ndiyo sababu maji ya sukari huleta madhara hata yakiwa safi: mtoto hushiba uongo, hulala, hanyonyi, titi halipunguzwi, na kesho yake maziwa huwa machache kweli, na bibi aliyesema kwamba hayatoshi hujiona amesadikishwa, ilhali uchache huo umetokana na tiba aliyoileta yeye. Zaidi ya hayo, oksitosini ni homoni yenye haya. Hofu, maumivu, aibu na ugomvi wa nyumbani huizuia, maziwa yakabaki ndani ingawa yapo tele, na mama aliyeambiwa mara tatu kwa siku kuwa hana maziwa huweza kuyazuia kwa huzuni yake tu.

Kwa hiyo nasema, na nasema kwa yakini, kwamba aghalabu kile tunachokiita upungufu wa maziwa ni upungufu wa msaada, na kwamba mtu akitaka kumtibu mama huyo aanze kuitazama nyumba yake kabla ya kulitazama titi lake.

Msaada wenyewe, ukiwa wa karibu, ni jambo la mikono na la subira. Mzazi wa uzazi wa kwanza hukaa ukingoni mwa kitanda, mgongo umepinda, akimwinamia mtoto na kumtia ncha ya chuchu mdomoni. Mtoto hutafuna, mama huuma meno, na baada ya siku mbili chuchu zimepasuka na kila kilio cha mtoto chamtia hofu. Mkunga au jirani mwenye maarifa humwegemeza kwanza ukutani, akamwekea mto mgongoni na mwingine mapajani, akamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo na mama yake, kichwa na mgongo vikiwa mstari mmoja. Kisha husubiri mpaka mtoto afumbue kinywa wazi kama anayepiga mwayo, ndipo amsogeze mtoto kwenye titi, wala si titi kwa mtoto. Akishika sawasawa, kidevu hugusa titi, mdomo wa chini hugeuka nje, na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka chuchu huwa imeingia kinywani. Husikika akimeza. Mabega ya mama hushuka. Kazi hii huweza kuchukua nusu saa siku ya kwanza, na yataka kurudiwa kesho na keshokutwa, na wala hakuna dawa iuzwayo dukani inayoweza kushika nafasi yake. Mama afundishwe pia dalili za kumtuliza roho: mtoto ambaye, baada ya wiki ya kwanza, analowesha nepi sita au zaidi kwa siku moja usiku na mchana, na ambaye uzito wake unapanda katika kadi ya kliniki, huyo anashiba, hata kama analia jioni na kutaka kunyonya kila mara.

Wahenga wetu hawakuzijua homoni hizi kwa majina, lakini waliijenga desturi juu ya maarifa hayo hayo. Pwani mzazi alitengwa siku arobaini, akakandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji wenye pilipili manga, na shughuli za jikoni zikawa za wengine. Nchini Rwanda kipindi hicho cha kulala uzazi ni ikiriri, na wajibu wa ndugu na marafiki ni guhemba, yaani kumtembelea mzazi na kumpelekea vitu vya kumtia nguvu, hasa igikoma, uji wa mtama au ulezi, pamoja na maziwa ya ng'ombe kwa mwenye nayo. Uji hauna siri ya ajabu ndani yake. Ajabu iko katika ukweli kwamba ameupika mtu mwingine, akauleta, akakaa, akamshika mtoto huku mama akinywa, na katika kukaa huko akaona kama mtoto anashika vizuri au la.

Kigali imezikata nyuzi nyingi za desturi hiyo. Msichana aliyetoka Gicumbi au Nyamagabe kuja mjini kutafuta riziki hujifungulia mbali na mama yake, katika chumba kimoja cha kupanga, na jirani zake huondoka alfajiri kwenda kazini. Ziara ya guhemba ipo bado, lakini imekuwa ya Jumapili, ya saa moja, wageni wakiwa wengi na mwenyeji akilazimika kuwavalia nguo nzuri. Na kuna sababu nyingine ambayo haifai kuipita haraka: Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwaacha wasichana wengi bila mama, bila shangazi, bila dada mkubwa, na wasichana hao walipokuwa wanawake wakazaa, hapakuwa na mtu wa kukaa ubavuni mwa kitanda. Mkunga anapomhudumia mzazi wa namna hiyo huwa anafanya kazi ya watu watatu ambao hawapo, na afadhali alijue hilo kabla ya kumlaumu kwa kushindwa.

Hata hivyo nchi hii haikosi la kujivunia. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2014 na 2015 ulionyesha kuwa watoto 87 katika kila 100 walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee, bila hata maji; na ule wa 2019 na 2020 ulionyesha 81, kiwango ambacho nchi nyingi tajiri hazijapata kukikaribia, ingawa kushuka kwake kunataka kuangaliwa kwa macho mawili. Sehemu kubwa ya fahari hiyo yawastahiki washauri wa afya, abajyanama b'ubuzima, watu wa kijiji waliochaguliwa na wenzao katika mpango ulioanza mwaka 1995, ambao miongoni mwa kazi zao ni kumwangalia mama na mtoto mchanga. Mshauri huyu hubisha hodi. Hana koti jeupe, anajulikana kwa jina, na mzazi anaweza kumfunulia titi lililovimba pasipo kupanga foleni. Kwa wenye dhiki kubwa kuna pia unga wa Shisha Kibondo, unaogawiwa wajawazito na wanaonyonyesha, maana mama anayelala na njaa ataendelea kutoa maziwa, lakini atayatoa kwa kuufilisi mwili wake.

Sheria nayo imepiga hatua. Chini ya sheria ya kazi ya mwaka 2009 mzazi alikuwa na wiki 12 za likizo, lakini wiki sita za mwisho aliweza kulipwa asilimia 20 tu ya mshahara, jambo lililowafanya wengi warejee kazini mtoto akiwa na mwezi mmoja na nusu. Mwaka 2016 ulianzishwa mfuko wa bima ya uzazi, ambao mwajiri na mfanyakazi huuchangia kwa asilimia 0.3 ya mshahara kila mmoja, ili wiki zote zilipwe kwa ukamilifu. Na mwaka 2023 likizo ikaongezwa kuwa wiki 14, na ya baba ikatoka siku nne za kazi hadi saba. Mama arudipo kazini ana haki ya saa moja kila siku kwa ajili ya kunyonyesha. Hayo ni mema. Lakini wiki 14 si miezi sita, na saa moja haimfikishi mama kutoka ofisi ya katikati ya mji hadi nyumbani Kanombe na kurudi. Yafaa zaidi awe na chumba safi chenye mlango wa kufunga, ambamo atakamua maziwa yake katika chombo chenye kifuniko, maana maziwa hayo, katika hewa ya wastani ya mji huu ulio juu kiasi cha mita 1,500, hukaa salama takriban saa nne bila barafu, na ndani ya jokofu siku hata nne.

Kinachonisikitisha zaidi ni wale ambao sheria haiwaoni. Mama anayeuza parachichi kwa beseni karibu na stendi ya mabasi ya Nyabugogo hana mwajiri wa kumchangia bima, hana likizo, na kila siku anayokaa nyumbani ni siku ya kutokula. Humbeba mtoto mgongoni katika vumbi na moshi wa magari, au humwacha kwa binti wa miaka kumi na chupa ya uji mwepesi. Miji ambayo huweka choo na bomba la maji katika kila soko yaweza kabisa kuweka hapo chumba cha watoto chenye mlezi mmoja, ili mama aache beseni kwa jirani yake, anyonyeshe robo saa, arudi. Na napenda gharama yake ihesabiwe katika bajeti ya soko pamoja na taa na mifereji.

Nataka nitoe ushahidi mmoja wa jinsi msaada unavyoweza kugeuza mambo hata pale ambapo maziwa yenyewe yalikuwa yameshakuwa tishio. Ilipothibitika kwamba virusi vya Ukimwi huweza kupita katika maziwa, akina mama wenye virusi walishauriwa wasinyonyeshe kama wanaweza, na kopo likawa tangazo: jirani aliyemwona mzazi akichanganya maziwa ya unga alijua, au alidhani anajua. Kati ya mwaka 2005 na 2007, hapa Rwanda, ulifanywa utafiti ulioitwa Amata, ambamo mama mwenyewe alichagua njia yake. Watoto 227 walinyonya huku mama zao wakimeza dawa za kufubaza virusi, na 305 wakapewa maziwa ya kopo. Katika wale walionyonya, ni mtoto mmoja tu aliyeambukizwa kwa njia ya maziwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaielekeza dunia katika njia hiyo hiyo, na leo mama huyo hunyonyesha mbele ya wageni kama mwingine yeyote, maadamu ana dawa zake na ana mtu wa kumkumbusha kuzimeza.

Amesalia baba. Waislamu wa Biryogo wanaijua aya ya 233 ya sura ya Al-Baqara, ambayo huweka muda wa kunyonyesha kuwa miaka miwili kamili kwa atakaye kuutimiza, muda ambao matabibu wa leo nao wanauhimiza. Lakini wengi hukumbuka miaka na kusahau kwamba aya hiyo hiyo humtwika baba chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye, kwa wema, na huwataka wawili hao washauriane kabla ya kumwachisha mtoto. Siku saba za likizo, zikitumiwa vema, zatosha kumfundisha mwanamume kumpokea mtoto aliyeshiba saa nane za usiku, kumcheulisha, kumbadilisha nepi, na kumpa mkewe gilasi ya maji. Na zaidi ya hayo yote, kumjibu mama yake mzazi kwa heshima, "Shikamoo mama, uzito wake unapanda, tumeambiwa tumwache anyonye," ili maneno hayo yasiwe mzigo wa mke.

Wapo pia, nao si wengi, ambao baada ya kusaidiwa kwa kila njia maziwa yao hayatoshi kweli, kwa upasuaji wa matiti, kwa damu nyingi iliyopotea wakati wa kuzaa, au kwa maradhi ya homoni. Mama hao wapimwe mapema, mtoto apewe maziwa badala kwa kipimo sahihi na kwa kikombe safi, na titi aendelee kupewa kwa kadiri litakavyotoa. Na jirani anayekuja na igikoma chake aje kama alivyokusudia, akae, na asiulize habari za kopo lililo mezani.