Utangulizi: Saa Mbili Ndani ya Rekodi Moja

Maelezo haya nimeyaandika kwa ajili ya kijana wa Tabora, Urambo au Ujiji mwenye kompyuta mpakato inayotumia Linux, kamera ndogo ya USB, na bibi au babu mwenye mengi ya kusimulia. Si lazima uwe fundi. Ukiweza kufungua teminali, yaani lile dirisha la kuandikia amri, na ukiweza kugawanya namba kwa namba, una kila unachohitaji.

Njia ya kati ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Kilimatinde hadi Kwihara na Ujiji, imo katika orodha ya awali ya UNESCO tangu mwaka 2006. Tembe la Kwihara, alimokaa msafiri Livingstone mwaka 1872, linajulikana. Lakini urithi mkubwa wa njia hii haumo kwenye kuta. Umo katika habari za wapagazi, za watemi Mirambo na Isike kama zinavyosimuliwa nyumbani, na katika ngoma. Mzee anaposema "waliingilia pale", mkono wake huonyesha upande. Rekodi ikiwa na sauti iliyopishana na picha kwa nusu sekunde, mkono na neno havikutani tena. Kwenye ngoma hali ni mbaya zaidi: kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, nusu sekunde ni pigo zima. Mtafiti wa kesho ataona kirungu kikishuka na kusikia pigo lisilo lake. Ndiyo maana naona somo hili, ambalo wengi huliita dogo, linastahili kufundishwa vizuri.

Tuanze na msingi. Video ni mfululizo wa picha tuli, na kila picha huitwa fremu. Kamera nyingi za kompyuta hutoa fremu 30 kwa sekunde, yaani moja kila baada ya milisekunde 33 hivi. Milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde. Sauti nayo hupimwa mara nyingi mno, na kila kipimo huitwa sampuli. Kiwango cha kawaida ni sampuli 48,000 kwa sekunde. Kazi hizi mbili hufanywa na vifaa viwili, na ndani ya kila kifaa kuna kipande cha fuwele kinachotetema na kuhesabu muda. Kwenye Linux, picha hupitia mfumo uitwao Video4Linux. Sauti hupitia ALSA, ambayo kwa kawaida husimamiwa na PulseAudio au PipeWire. Njia ni mbili na saa ni mbili, na hakuna saa mbili duniani zinazokwenda sawasawa kabisa.

Watu waliopita Tabora zamani walilijua tatizo hili. Wasafiri Burton na Speke walifika Kazeh, katika eneo la Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857. Kwa wasafiri wa aina yao, kujua umbali wa mahali kuelekea mashariki au magharibi kulitegemea kujua saa. Katika latitudo ya Tabora, kosa la sekunde 1 kwenye saa huhamisha mahali kwenye ramani kwa mita 460 hivi, na kosa la dakika 1 huhamisha kwa kilomita 27 na ushei. Kwa hiyo wapimaji walizoea kuyatenganisha makosa mawili ya saa. La kwanza ni kosa la kuanzia: saa imetegwa mbele au nyuma, lakini mwendo wake ni mzuri. La pili ni kosa la mwendo: saa inakimbia au inajikokota, na kila siku inaongeza tofauti. Shika mgawanyo huo. Ukishauelewa, sehemu kubwa ya somo letu umeshaipata, kwa sababu rekodi yako ina makosa hayohayo mawili, na dawa ya moja haitibu lingine.

Utayatambuaje? Kwa kofi. Kabla simulizi haijaanza, piga kofi moja kali mbele ya kamera, viganja vikionekana. Simulizi ikiisha, piga jingine kabla ya kuzima. Piga mwenyewe, usimsumbue mzee kwa kazi yako, ila mweleze unachofanya asishangae. Kisha fungua faili kwa VLC, nenda kwenye kofi la kwanza, na ubonyeze K kuichelewesha sauti au J kuiwahisha. Kila mbonyezo ni milisekunde 50, na jumla huonekana kwenye skrini. Rudia kwenye kofi la mwisho. Namba mbili zikilingana, una kosa la kuanzia tu. Zikitofautiana, kuna kosa la mwendo pia.

Pengine utauliza, mbona wakati mwingine sauti iliyochelewa haisumbui, ila ikitangulia kidogo tu inaudhi? Swali zuri. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, limeeleza kuwa watazamaji huanza kuhisi kasoro sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa hawaihisi mpaka ifike kama milisekunde 125. Akili zetu zimezoea sauti ichelewe, kwa kuwa husafiri mita 340 hivi tu kwa sekunde. Mtu anayepasua kuni mita 34 kutoka ulipo, mlio wa shoka lake hukufikia baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Bahati mbaya kamera za USB hutupeleka upande usiovumilika. Hukusanya mwanga, huibana picha, huituma, na kompyuta huifungua tena, huku sauti ikiwa imeshafika.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kofi la kwanza linaonyesha sauti imetangulia kwa sekunde 0.10, na kofi la pili, baada ya dakika 50, linaonyesha sauti imechelewa kwa sekunde 0.35. Usichanganyikiwe kwamba mahali fulani katikati rekodi inaonekana sawa kabisa. Ndipo makosa mawili yalipofutana. Jumla ya mwachano ni sekunde 0.45 katika sekunde 3,000. Gawanya: 0.00015. Maana yake sauti ni ndefu kuliko picha kwa kiasi hicho, kwa hiyo iharakishwe mara 1.00015, kisha icheleweshwe milisekunde 100. Programu ya ffmpeg hufanya yote kwa amri moja:

ffmpeg -i simulizi.mkv -c:v copy -af "atempo=1.00015,adelay=100:all=1" sahihi.mkv

Sehemu ya "-c:v copy" inaamuru picha isiguswe. "atempo" hubadili mwendo wa sauti bila kubadili uzito wake, na "adelay" huongeza ukimya mwanzoni. Kiasi cha 0.00015 hakuna sikio litakalokitambua. Faili la kwanza liache lilivyo, maana ndiyo nakala ya asili.

Kuna chanzo kingine ambacho katika nyumba zetu hujitokeza mara kwa mara: giza. Ndani ya tembe, madirisha ni madogo. Kamera ikikosa mwanga huliacha jicho lake wazi kwa muda mrefu zaidi kwa kila fremu, na fremu 30 kwa sekunde zinaweza kushuka hadi 15 bila kukuarifu. Programu inayoandika alama ya wakati, yaani saa halisi ya kila fremu, itastahimili. Ile inayohesabu fremu na kudhani daima ni 30, itaharibu kila kitu. Zima tabia hiyo ya kamera hivi:

v4l2-ctl -d /dev/video0 -c exposure_dynamic_framerate=0

Kwenye Linux ya zamani kidogo, jina la kidhibiti hicho ni exposure_auto_priority. Picha sasa itakuwa nyeusi zaidi, kwa hiyo mketishe mzee karibu na mlango, au nje chini ya mwembe. Mwanga wa jua ni bora kuliko amri yoyote nitakayokufundisha.

Baada ya kusahihisha, usiridhike na makofi mawili. Tazama pia katikati: mdomo ukifumba kwenye herufi "p" au "b", sauti ikatike hapohapo. Ikiwa mwanzo na mwisho ni sawa lakini katikati kumepishana, kosa halikukua polepole. Liliruka, kwa sababu fremu kadhaa zilipotea kwa mkupuo. Mara nyingi chanzo ni waya. Picha isiyobanwa ya ukubwa wa 1280 kwa 720, kwa fremu 30, huhitaji megabiti 442 kwa sekunde, na USB 2.0 ina 480 tu kinadharia. Iambie kamera itoe MJPEG, muundo ambao kila fremu hubanwa kabla ya kutumwa, na msongamano utaisha. Kwa rekodi iliyokwisha kupata mruko huo, tafuta mahali hasa ulipotokea, kata faili hapo kwa programu ya kuhariri kama Kdenlive, kisha kila kipande kipimie kosa lake peke yake. Hii ni kazi ya subira, na kwa simulizi ambayo msimulizi wake huenda asipatikane tena, ifanye bila haraka.