Upatanisho wa Tarakimu: Namna ya Kuchopoa Data katika Majedwali Changamano ya Hati za Biashara

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakuongeza kwamba daftari lenyewe lisiposomwa ipasavyo, mali hupotea vilevile, ila safari hii huwapo karatasi ya kushuhudia hasara. Siku hizi aghalabu daftari hilo husomwa na tarakilishi. Ankara, stakabadhi, taarifa za benki na ripoti za fedha hupigwa picha au huchanganuliwa, kisha programu huagizwa izitoe tarakimu zilizomo na kuzipanga katika hazina ya data. Matini ya kawaida haiisumbui sana mashine. Kinachoisumbua ni jedwali. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini hali iko hivyo, jinsi programu za kuwekea hati lebo zinavyotumiwa kulitatua tatizo hilo, na kwa nini suala hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili.

Jedwali lina sarufi yake

Katika sentensi "Kikombe changu kimevunjika", kiambishi ki- ndicho kinachotujulisha kuwa kilichovunjika ni kikombe wala si sahani. Maneno hufungamanishwa na upatanisho wa kisarufi. Jedwali nalo lina upatanisho wake, ila hauonyeshwi kwa viambishi bali kwa nafasi. Tarakimu 4,800 ikisimama peke yake haina maana yoyote. Hupata maana pale tu inapohusishwa na kichwa cha safu wima iliyo juu yake na kichwa cha safu mlalo iliyo kando yake.

Tuchukue mfano wa ankara ya duka la vifaa vya ujenzi. Safu mlalo ya kwanza ni ya saruji: mifuko 40, bei ya kila mfuko shilingi 750, thamani 30,000, kodi ya asilimia 16 ambayo ni 4,800, na jumla 34,800. Ya pili ni ya misumari: kilo 15, bei ya kila kilo shilingi 200, thamani 3,000, kodi 480, na jumla 3,480. Programu inayoyasoma haya kama matini ya kawaida hutoa mfululizo wa maneno na tarakimu usio na mipaka. Herufi zote huenda zikawa sahihi, lakini uhusiano baina yake ukawa umepotea.

Chanzo cha uchangamano

Majedwali hutatiza kwa njia kadhaa. Kwanza, kichwa kimoja huweza kutanda juu ya safu mbili au tatu. Neno "2023" likiandikwa juu ya "Mauzo" na "Faida", linazitawala safu zote mbili, ingawa kimaandishi limekaa katikati. Pili, maelezo marefu ya bidhaa huvunjika yakashukia mstari wa pili, na mashine ikadhani kuwa hiyo ni bidhaa nyingine. Tatu, majedwali mengi hayana mistari ya kutenganisha safu, nafasi tupu pekee ndiyo mpaka. Nne, jedwali huweza kuendelea katika ukurasa wa pili bila vichwa kurudiwa.

Isitoshe, alama zenyewe zina kaida zake. Katika taarifa za uhasibu, tarakimu iliyotiwa mabanoni kwa kawaida huwa hasi. Mjerumani huandika 1.250,00 pale ambapo Mkenya huandika 1,250.00. Katika rejista ya mahudhurio iliyoandikwa kwa Kiswahili, "saa 2 asubuhi" ni saa 8.00 katika mfumo wa kimataifa. Asiyeijua lugha atamkata kibarua mshahara bila kukusudia.

Hatua za kazi

Hatua ya kwanza ni utambuzi wa herufi. Programu kama Tesseract, ambayo msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka wa 2005, huigeuza picha kuwa maandishi na kubainisha mahali pa kila neno kwenye ukurasa. Hati ya PDF iliyo na maandishi halisi ndani yake haihitaji hatua hii. Programu ya Tabula, kwa mfano, huchopoa majedwali ya hati za aina hiyo moja kwa moja, lakini haifanyi kazi kwa picha zilizochanganuliwa.

Hatua ya pili ni uwekaji lebo. Mtu huifungua hati katika programu kama Label Studio au CVAT, akachora fremu kulizunguka jedwali, kisha akazibainisha safu wima, safu mlalo, vichwa na visanduku vilivyounganishwa. Baada ya hapo hukipa kila kisanduku dhima yake: hiki ni jina la bidhaa, hiki ni idadi, hiki ni kodi. Kazi hii haitofautiani sana na ile ya kuchanganua sentensi kwa kubainisha kiima, kiarifa na shamirisho.

Hatua ya tatu ni kuifunza mashine kwa mifano hiyo. Mkusanyo wa PubTables-1M, uliotayarishwa na watafiti wa Microsoft, una majedwali yapatayo milioni moja kutoka katika makala ya kisayansi. Ule wa FinTabNet wa IBM ulitokana na ripoti za mwaka za makampuni makubwa ya Marekani. Hata hivyo, mashine iliyofunzwa kwa ripoti hizo haitarajiwi kuifahamu barabara ankara ya duka la Eldoret au Malindi.

Hatua ya nne ni uhakiki. Hapa hesabu yenyewe ndiyo shahidi. Katika mfano wetu, thamani zote ni 33,000, kodi 5,280 na jumla kuu 38,280. Hesabu zisipolingana, hati hurudishwa kwa binadamu.

Kupima maafikiano

Je, waweka lebo wawili wakitofautiana? Mwaka wa 1960 Jacob Cohen alipendekeza kipimo kiitwacho kapa, ambacho huondoa maafikiano yanayoweza kutokea kwa bahati tu. Tuseme wawili wameafikiana kuhusu visanduku 90 kati ya 100, nako kubahatisha tu kungewafikisha kwenye 80. Kati ya visanduku 20 vilivyosalia, maafikiano ya kweli ni 10, kwa hivyo kapa ni 0.5. Asilimia 90 iliyopendeza machoni imegeuka nusu. Mara nyingi kosa si la waweka lebo bali la mwongozo wao: haukufafanua "jumla" ni kabla au baada ya kodi.

Hitimisho

Kwa kuhitimisha, kazi hii ni ya lugha kabla ya kuwa ya mitambo. Mwongozo mzuri wa kuweka lebo huhitaji istilahi zenye fasili moja. Sisi wenyewe tunaiita hati ile ile ankara, invoisi au bili, na wengine huichanganya na stakabadhi, ilhali ankara hudai malipo na stakabadhi huthibitisha kuwa yamefanywa. Tofauti hiyo si ya madoido. Mashine iliyofunzwa kuzichanganya itamwandikia deni mtu aliyekwisha kulipa. Basi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu wa kutunga faharasa na miongozo ya aina hii, kwani wao ndio waliozoea kuuliza neno lipi linatawala lipi.